Uzi Niliouzungusha Kwenye Bolti

Vijana wangu wa gereji, mmeniomba niandike namna ya kukaza bolti za injini bila kuua uzi wake. Mnasema nilipokuwa gereji nilizoea kueleza huku nimeinama, sauti ikaishia chini ya pikipiki, na nusu ya maneno hamkuyapata. Haya, sasa nimekaa kwenye kiti. Vidole vyangu vimegoma kushika spana tangu masika yaliyopita, ila kalamu bado vinaikubali. Sitawaeleza nililipwa nini wala niliitwa nani mwisho wa safari. Nitawaeleza wiki mbili za mwanzo, na humo humo mtaona kwa nini sikuwahi kumkabidhi mtu pikipiki yake kabla sijaiendesha mwenyewe hadi Msamvu na kurudi, hata mvua ikinyesha, huku ninyi mkinicheka kutoka chini ya bati.

Nilianza kazi kiwandani, hapa hapa Morogoro Mjini, kwenye mashine za kufuma. Huko uzi ulikuwa uzi. Ukilegea unajisokota, ukivutwa mno unakatika, na mashine nzima inasimama kukungoja. Baada ya miaka minane nilikuwa nikiugusa kwa kidole kimoja najua kama umevutwa sawasawa. Kisha ikaja miaka ya ruksa, biashara ikafunguliwa. Nguo za nje zikajaa sokoni, mitumba ikapangwa mpaka kando ya reli, na mashine zetu zikaanza kuzimwa moja moja. Siku moja tukaambiwa turudi nyumbani, tutaitwa. Mimi bado nasubiri kuitwa.

Nikaanza kuuza matambara. Tulipoondoka tuligawiwa mabaki ya vitambaa na uzi mnene wa maturubai uliopakwa nta, na mafundi wa Mji Mpya walihitaji matambara ya kufutia oili. Mmoja wao alikuwa Fundi Kobelo, Mluguru wa makamo, mfupi, mwenye miwani iliyofungwa kwa waya. Pikipiki zilikuwa zinaingia nchini kila wiki wakati huo, mpya na zilizotumika, na gereji yake haikuwa na nafasi hata ya kupita. Mimi nilikuwa nikifika na furushi langu, nauza tambara moja, nasimama saa nzima. Kwa nini bolti hii ni ndefu na ile fupi? Kwa nini ile umeilegeza kwanza na hii mwisho?

"Wewe dada, unauza matambara au unauza maswali?" akaniuliza siku moja bila kuinua kichwa.

"Matambara nauza, fundi. Maswali nagawa bure."

Akacheka, akanisogezea debe tupu nikae. Wiki iliyofuata nilikuwa nimevaa ovaroli. Nilikuwa na miaka ishirini na tisa, na mtaani walisema kufungwa kwa kiwanda kumenivuruga akili.

Siku tatu za kwanza niliosha bolti kwa mafuta ya taa na kuzipanga. Kobelo alikuwa na mtindo wake. Kabla ya kufungua kava la injini, analichora kwenye kadibodi, anatoboa matundu, na kila bolti inayotoka inachomekwa kwenye tundu lake. Bolti ndefu ikiwekwa mahali pa fupi itagonga chini kabla haijabana, nawe utaendelea kuzungusha ukidhani bado, mpaka upasue kitu. Fupi ikiwekwa mahali pa ndefu itashika kidogo tu juu juu, na hicho kidogo itaking'oa. Nilipenda sana kadibodi zile. Nilichukua moja nyumbani nikaitundika ukutani, na shangazi yangu akaniuliza kama ni ramani ya shamba.

Siku ya nne ikaletwa pikipiki nyekundu ya zahanati. Mwenyewe alikuwa Nesi Agripina, mama mwenye mwili na sauti ya mwalimu wa darasa la kwanza, aliyekuwa akipanda nayo milima ya Uluguru kila mwezi kuchanja watoto wa vijiji vilivyo juu ya Kinole. Oili alikuwa amebadilishiwa na fundi mmoja wa malori. Mafundi wa malori siku hizo walikuwa na msemo wao, kaza mpaka ilie, na chuma cha lori kweli huvumilia mpaka kilie. Injini za pikipiki hizi ni za aluminiamu, laini. Yule bwana alichomeka bomba kwenye mpini wa spana apate nguvu zaidi, akaikaza bolti ya kumwagia oili mpaka ikalia kweli. Ilikuwa inaaga.

Kobelo alilala chini, akachungulia, akasonya. Hapo hapo akaletewa habari kwamba mama yake mdogo amezidiwa huko Mikese. Akabadilisha shati haraka haraka, na maagizo akanipa huku akifunga vifungo.

"Zena, hiyo uzi umeliwa. Toa uzi uliokufa, weka uzi mpya, kaza kwa vidole viwili, jaza oili. Vifaa vimo kwenye kopo. Nesi anapanda mlima kesho alfajiri."

"Sawa, fundi."

Ninyi mnaocheka subirini kwanza. Katika siku tatu zile sikuwahi kusikia ile mifereji inayozunguka kwenye bolti ikiitwa uzi. Nilipoifungua bolti ile, ikatoka na kisokoto chembamba cha aluminiamu, kinang'aa, kimejiviringa kwenye chuma. Nikajisemea, kumbe huu ndio uzi uliokufa. Nikautoa wote kwa koleo, nikauweka pembeni kwa heshima. Nikatafuta uzi mpya kwenye kopo, nikaona vyuma vitupu. Basi nikafungua furushi langu, nikakata uzi wa maturubai.

Niliuzungusha kwa uangalifu wote niliotoka nao kiwandani, mzunguko mmoja kwa kila mfereji, ukifuata upande bolti inakokazwa ili usifumuke. Nikaiingiza kwa vidole. Ikakataa, ikakubali, ikabana vizuri kabisa. Nikajaza oili, nikaweka kadibodi kavu chini yake kwa saa nzima, na tone halikudondoka. Nesi Agripina alipokuja kuichukua saa kumi aliinama akatazama, akanishika bega.

"Asante mwanangu. Nilidhani safari ya kesho imekufa."

Nilirudi nyumbani kwa mwendo wa fundi. Sijui unakuwaje huo mwendo, lakini nilikuwa nao.

Kesho yake, Alhamisi, Kobelo alirudi saa nne asubuhi. Mgonjwa alikuwa amepata nafuu. Akachukua pikipiki nyingine yenye tundu lililoharibika, akatia mkono kwenye kopo, akatoa chuma chenye meno ambacho nilikuwa nimekiona jana na kukipuuza. Kinaitwa tepu. Akakizungusha ndani ya tundu, nusu mzunguko mbele, robo nyuma, nusu mbele, robo nyuma, vumbi la aluminiamu likawa linatoka taratibu.

"Hapa naweka uzi mpya," akasema, kwa kuwa alijua nitauliza.

Sikuuliza. Niligeuka kulitazama furushi langu la uzi.

"Ile ya nesi ilikubali?"

"Ilikubali, fundi."

Na ni kweli ilikubali. Kila neno katika sentensi ile lilikuwa la kweli, na bado ndio uongo mkubwa kuliko wote niliowahi kusema nikiwa nimevaa ovaroli. Niliogopa kuchekwa. Niliogopa kurudishwa kwenye matambara siku ya tano. Nesi Agripina alikuwa ameondoka tangu alfajiri, simu za mkononi hazikuwepo, na nikajiambia kwamba labda uzi ule utashika, ni uzi wa maturubai, unabeba mvua na upepo.

Labda hiyo ikaanza kunisumbua kuliko hofu yenyewe. Mimi kitu nisichokijua hakinipi usingizi. Nyuma ya gereji kulikuwa na kava la injini iliyokufa, lenye tundu lililoliwa vile vile. Nikazungusha uzi kwenye bolti, nikaikaza humo, nikaliweka kava kwenye karai la oili chakavu juu ya jiko la mkaa. Oili ilipopata moto, nta ikayeyuka na kuelea juu. Uzi ukalowa, ukanywea. Nikaanza kuligonga kava taratibu kwa mpini wa nyundo, kuiga mtikisiko wa barabara ya mawe, na bolti ikaanza kurudi nyuma yenyewe. Robo mzunguko. Nusu. Nilikuwa nimeinama nikihesabu, nimesahau kabisa kilichonileta pale, mpaka ilipoanguka ndani ya karai. Ndipo nikaona nilichokuwa nakitazama. Injini ikiishiwa oili inakwama, na ikikwama kwenye mteremko gurudumu la nyuma linakamatwa ghafla. Barabara ile ya Kinole upande mmoja ni mlima, na upande wa pili ni bonde, unaona migomba kwa juu.

"Unapika nini?" Kobelo alikuwa amesimama nyuma yangu.

Nikamweleza yote, kuanzia kisokoto kile mpaka karai. Niliongea nikiwa nimeshika koleo, bolti inachuruzika oili. Hakunifokea, na ningependa angenifokea. Alivua miwani, akaifuta kwa tambara nililomuuzia mwenyewe, akaivaa.

"Ulijua tangu saa ngapi?"

"Saa nne. Ulipotoa tepu."

Akatazama saa. Ilikuwa saa saba. "Saa tatu nzima, Zena," akasema, na akaenda kuwasha pikipiki yake.

Tulipanda, mimi nyuma nimekumbatia kopo la vifaa na galoni ya oili. Kila kona niliyoikaribia nilifumba macho na kila kona tuliyoipita niliyafumbua. Tulipofika Kiroka tukaiona pikipiki nyekundu ikishuka polepole, na juu yake Nesi Agripina, mzima, ana matope mpaka magotini. Nililia hapo hapo barabarani. Sikuwahi kulia mbele ya fundi tena baada ya siku ile, lakini ile mara moja nililia kwa kwikwi.

"Shikamoo mama," nikasema nilipoweza.

"Marahaba. Usilie, sijafa." Akaegesha pikipiki, akanionyesha chini ya injini. Bolti ilikuwa imezungushwa uzi mwembamba mweusi. "Saa moja na nusu niliona mchirizi kwenye mawe. Nikasimama. Bolti imelegea, naivuta, uzi unatoka. Navuta, unatoka tu. Nikasema, kidonda hiki kimeshonwa na mtu asiyesomea. Basi nami nikakishona upya kwa uzi wangu wa hospitali. Lakini oili ilikuwa imemwagika, nikakaa mpaka lori la ndizi likapita, wakanigawia."

Kobelo alichutama akautazama uzi ule kwa muda mrefu. Nadhani alitaka kucheka, akajizuia kwa sababu ya boksi la chanjo lililokuwa limefungwa nyuma ya kiti. Agripina aliona anatazama nini.

"Barafu iliniishia saa saba," akasema. "Chanjo zimeharibika. Kina mama watakuwa wamekaa kule juu mpaka sasa, wananisubiri."

Nikamwambia ni mimi, na kwamba nilijua tangu saa nne. Akahesabu kimyakimya. Fundi angeondoka mjini saa nne, angemfikia kabla ya saa sita, barafu ikiwa bado nzima, naye nesi angepanda. Aliijua hesabu hiyo, nami niliijua.

"Alhamisi ijayo atapanda na wewe, mama," Kobelo akasema. "Akawaambie mwenyewe."

Hivyo nilikuwa na siku saba, na katika siku hizo Kobelo alinifundisha kukaza. Alinipa injini iliyokufa, bolti ishirini, na mizani ya ndoano ya muuza nyama. Nilifungua na kufunga kutwa nzima. Yafuatayo ndiyo mliyoniomba, kwa hiyo shikeni.

Kwanza tundu liwe safi na kavu. Oili ikibaki chini ya tundu lisilotokea upande wa pili, bolti itaigandamiza, na oili haigandamiziki, itapasua. Kisha bolti inaanza kwa vidole, spana ikiwa mbali, ikiwezekana chumba kingine. Na usianze kwa kuizungusha mbele. Irudishe nyuma kwanza, polepole, mpaka usikie imetumbukia kidogo, tki, maana yake mwanzo wa uzi wake umekutana na mwanzo wa uzi wa tundu. Hapo ndipo uende mbele. Ikikataa, toa, usibembeleze. Uzi uliopanda juu ya mwenzake unakubali kwa nguvu, na kukubali kwa nguvu ndiko kunakoua tundu.

Pili, tumia spana fupi na uishike karibu na kichwa cha bolti. Vidole viwili alivyosema Kobelo havikuwa mapambo. Ukishika mpini kwa kiganja kizima, bega linaingia kazini, na bega halisikii. Kama bolti ni nyingi, kama za silinda hedi, kile kichwa cha injini, zifikishe zote kwa vidole, kisha kaza kwa kuvuka, huku na ng'ambo, raundi tatu, kidogo kidogo, injini ikiwa imepoa kabisa. Mkianza kona moja na kuimaliza, ile ya mwisho ndiyo itakayobeba lawama.

Tatu ni mizani. Unaifunga ndoano mwisho wa spana yenye urefu wa shibiri, unavuta, unasoma. Kwa pikipiki ile bolti ndogo za kava zilitaka kama kilo nne na nusu, ya oili kama kilo kumi. Msizichukue namba hizo kwa injini nyingine, kila injini ina kitabu chake. Miaka mingi baadaye nilishika spana ile yenye mshale wa kuonyesha nguvu, nikailinganisha na mizani ya nyama kwa siku nzima kwa raha zangu, na tofauti ilikuwa ndogo kuliko nilivyotegemea. Muuza nyama angefurahi kusikia.

Lakini Kobelo hakutaka niitegemee mizani. Kila nilipomaliza bolti aliuliza neno moja tu: "Umejuaje?" Nikisema kwa mizani, anafungua, anasema rudia bila mizani. Siku ya tano ndipo nilipoelewa, na nilielewa kwa kidole cha kiwandani. Bolti inapokazwa inavutika kidogo sana, nayo inavuta ili irudi, na kule kuvuta ndiko kunakoshika injini. Ni uzi uliotegwa kwenye mashine. Kuna mahali unahisi umekuwa mgumu, unasimama. Ukizidisha, ugumu ule unalainika ghafla kama umekosea, na hapo umeshachelewa, unautoa nje ukiwa kisokoto. Nilimkimbilia Kobelo kumweleza kwamba uzi wao na uzi wangu ni kitu kimoja. Akasema alidhani ndiyo maana niliuzungusha. Basi tukacheka, kwa mara ya kwanza tangu Kiroka.

Zilipoingia pikipiki za bei rahisi, na bodaboda zikaenea mpaka Turiani, nilikutana na bolti laini zinazovutika bila kurudi na nyingine ngumu zinazokatika bila kuaga. Kidole kilizijua zote, moja baada ya nyingine, ila kila aina mpya ilinigharimu kosa lake. Msiogope kosa la namna hiyo. La kuogopwa ni lile mnalolijua saa nne mkalisema saa saba.

Alhamisi ikafika. Jana yake nilikuwa nimekata uzi mpya kwa tepu, mwenyewe, Kobelo akitazama mikono nyuma. Nilisafisha tundu, nikaweka washa mpya ya kuzibia oili, nikaanza kwa vidole, nikarudisha nyuma nikasikia tki, nikakaza na kusimama pale pagumu. "Umejuaje?" akauliza. Nikasema nimehisi. Hakuifungua, na kwake hiyo ilikuwa sifa.

Tulipanda alfajiri, Agripina akiendesha, mimi nyuma nimekumbatia boksi la chanjo. Tulipofika kule juu kina mama walikuwa wamekaa kwenye ukuta wa mawe nje ya ofisi ya kijiji, watoto migongoni. Wachache kuliko mwezi mwingine wowote, Agripina akaniambia kwa sauti ya chini. Nikashuka, nikasimama mbele yao. Sikuwa nimepanga maneno.

"Alhamisi iliyopita nesi hakufika kwa sababu yangu," nikasema. "Nilikosea bolti ya pikipiki, hilo lilikuwa la kutokujua. Lakini nilipojua nimekosea nilikaa kimya saa tatu, na ndizo saa zilizowarudisha nyumbani bila chanjo. Naomba mnisamehe."

Kisha mmoja akainuka, dada wa umri wangu, miguu ina vumbi mpaka kwenye vigimbi.

"Mimi nimetoka ng'ambo ya bonde," akasema. "Siku ile nimekaa hapa mpaka saa nane na huyu mgongoni, ana homa. Nikarudi." Akaja mpaka kwenye pikipiki, akainama taratibu mtoto asianguke, akatia kidole chini ya injini, akakitazama. Kilikuwa kikavu. "Hii ndiyo bolti yenyewe?"

"Ndiyo."

"Na leo umeikaza?"

"Nimeikaza."

"Umejuaje?"

Nilikuwa na majibu mengi. Nilikuwa na kilo kumi, na tki, na pale pagumu pa kusimama. Nikamtazama yeye na njia tuliyopandia nyuma yake.

"Uhakika wote sina, dada," nikamwambia. "Ndiyo maana nimekuja nimekaa juu ya pikipiki hii mwenyewe."

Kisha akakaa chini kwenye ukuta, akaanza kufungua kanga amshushe mtoto.